Neno Alilobaki Nalo Baba

Buhembe, Bukoba
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Kaka Kamala,

Nakusalimu nikiwa jikoni, nimekalia kile kigoda cha marehemu mama, karatasi nimeilaza juu ya ungo. Habari za Dodoma? Wifi Edvina hajambo? Na yule mtoto wenu wa kwanza bado anasumbuliwa na kifua, au joto la huko limemsaidia? Sisi tunaamka. Nikisema tunaamka usidhani ni salamu tu, maana baba anaamka kabla ya jogoo, nami naamka kwa sababu yeye ameamka.

Najua utashangaa kupata barua. Hata Datius, niliyemwomba akuletee kwa kuwa anakuja huko kwa mambo yake ya kazi, aliponiona natafuta bahasha aliniuliza kama simu yangu imeharibika. Haijaharibika. Ila kwenye simu wewe una haraka na mimi nina machozi ya karibu, na wawili hao wakikutana hakuna habari inayofika mwisho. Maneno yakianza kuwa mazito unaniambia mtandao unasumbua. Barua haina mtandao, waitu, ndugu yangu. Itakusubiri mezani mpaka uimalize.

Nianze na habari za hapa. Mvua zimenyesha vizuri. Senene walikuja kwa wingi mwezi uliopita, tukawakaanga, baba akala mpaka akalamba vidole. Kahawa imezaa kuliko mwaka jana. Lakini mnyauko umerudi kwenye migomba ya upande wa bondeni, na kila shina lililougua nimeling'oa na kulifukia mwenyewe, kwa sababu kibarua niliyempata alifanya kazi asubuhi moja akaniaga kwamba anakwenda msibani, na msiba huo nadhani haujaisha mpaka leo. Kaburi la mama nimelipalilia. Kazi zote hizi nazifanya kwa muhoro wa baba, ule wa kupogolea migomba wenye ncha iliyopinda, uliokuwa ukitundikwa nyuma ya mlango. Mpini ulipasuka, nimeufunga waya.

Sasa baba. Mwili wake ni mzima. Anakula, anatembea mpaka kwenye mibuni na kurudi. Ila kumbukumbu zimekwisha, kaka, na usifikiri nakuza mambo. Mimi hanifahamu. Ananiona kama mwanafunzi wake wa chuo cha wachungaji, tena mwanafunzi mzito. Kila asubuhi nikishamwogesha na kumvika lile koti la kijivu, anakaa barazani, anagonga mkongojo sakafuni na kutaka somo la Kiyunani lianze. Na somo ni lile lile. Lugha yote aliyoifundisha tangu tukiwa wadogo imemtoka, limebaki neno moja tu la kusifia mtu, kama kikombe kimoja kinavyobaki kabatini wakati seti nzima imeshavunjika. Neno lenyewe ni praus.

Mwanzoni nilikuwa nabishana naye. Nilimwambia mimi ni Penina, binti yako, na hapa si chuoni ni Buhembe. Alikuwa akinitazama kwa hofu, kisha anakataa uji kutwa nzima. Siku moja nilichoka, nikasema liwe liwalo, nikamjibu kama mwanafunzi. Akatulia. Akanywa uji wote, akaniambia nitafaulu nikiacha uvivu. Basi tangu hapo nasoma. Unakumbuka alivyokuwa akikufundisha wewe pale mezani, akiamini utakuwa mchungaji kama yeye, kabla hujaenda kwenye uhasibu? Mimi nilikuwa mlangoni namenya ebitoke, ndizi za chakula cha mchana, na hakuna aliyefikiri kunivutia kiti. Vipande nilivyovidaka wakati ule ndivyo vinavyotulisha uji sasa.

Tunaanza na maumbo. Praus, anaposemwa mwanamume. Praeia, anaposemwa mwanamke. Prau, kwa kile kisicho mume wala mke. Wanaume wakiwa wengi, ni praeis. Hapo kwenye wingi nachanganya kila mara, naye ananiamuru nikasimame nje ya darasa. Nakwenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka asahau kwa nini alinifukuza, jambo ambalo halichukui muda.

Kisha tunaingia kwenye maana. Anasema wanafunzi wote huandika mpole, naye wote huwanyima alama. Mpole gani, anauliza, yule asiyeweza kufanya lolote? Huyo ni mnyonge, na Wayunani walikuwa na neno lake jingine. Praus walimwita hata farasi aliyefugwa akakubali mkono wa mtu. Farasi baba hakuwahi kumwona ila kwenye picha, kwa hiyo sisi anatuletea fahali wa babu, yule aliyevunja zizi mara mbili, ambaye hata hivyo babu akimwita kwa jina alikuja taratibu na kuinamisha shingo. Nguvu zake hazikwenda kokote, anasema baba. Zilikuwa zimejua tu mwenye mkono. Halafu anahitimisha kwa yale maneno ya Bwana kule mlimani, kwamba watu wa namna hiyo ndio watakaopewa nchi iwe urithi wao. Anagonga mkongojo, somo limekwisha, anataka chai.

Nikuambie ukweli, kaka, neno hili limenichosha. Nimelisikia maisha yangu yote, na sikulisikia kwa Kiyunani. Mume wangu Alexander alipofariki na ndugu zake wakachukua shamba letu la Kagoma, watu walisema Penina ni mpole, hatafungua kesi. Kweli sikufungua. Mama alipofariki ikabidi mtu aje kukaa na mzee, wewe na ndugu wengine mkapigiana simu huko mliko, mkakubaliana kwamba Penina ni mpole, atawezana naye. Nikafunga cherehani yangu kwa shuka, nikaiacha kwa jirani yangu Agnetha, nikaja. Mlisema ni kwa muda. Na sasa mwanangu Annastella amejifungua kule Ngenge, mtoto wake wa kwanza, na aliyemkanda kwa maji ya moto ni mama mkwe wake, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba kwa sababu nimekosea wingi wa neno la Kiyunani. Mjukuu wangu nimemwona kwenye simu tu. Ana paji la uso la baba.

Nimekuja kwenye habari yenyewe. Wewe hukuniambia kwamba umempata mtu wa kununua kibanja hiki cha baba, nyumba na migomba yake, akate viwanja. Nilisikia sokoni. Habari za mnunuzi wako zilifika Buhembe kabla ya salamu zako, na wazee wa ukoo nao wakazisikia. Wiki mbili zilizopita wakaja. Alikuja Ta Rugambwa, kama mkuu wa ukoo; akaja baba mdogo Byarugaba, ambaye unajua alisomea uinjilisti chini ya baba; na shangazi Immakulata akapanda gari kutoka Muleba ingawa miguu inamsumbua. Niliwatolea akamwani, wakatafuna kwanza kahawa yao bila haraka, kisha wakasema wamekuja kumsikia mzee mwenyewe, akiwa bado ana kauli, ataje nani atakuwa musika wake, mrithi wa kukabidhiwa muhoro na kibanja.

Baba aliwapokea kwa heshima zote, akidhani ni wageni wa dayosisi waliokuja kukagua chuo. Ta Rugambwa akamuuliza ana watoto wangapi. Baba akajibu kwamba mwaka huu ni madarasa mawili, ila vitanda havitoshi. Shangazi akaanza kulia. Wakatazamana, nikaona wameshakata tamaa. Ndipo baba mdogo Byarugaba, nadhani kwa kumhurumia tu, akamwomba amkumbushe lile neno la praus.

Laiti ungekuwepo. Mzee alinyooka kwenye kiti kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliyataja maumbo yote bila kusita, akaeleza habari za farasi, akaeleza za fahali wa babu mpaka rangi yake, sauti ikiwa ile ile ya mimbarini. Ta Rugambwa, ambaye Kiyunani hajui hata salamu, alivua kofia akasema kwamba kichwa kinachobeba lugha ya mitume hakiwezi kuitwa kichwa kigonjwa; mzee ana akili zake timamu, ila maswali madogo madogo ya kuhesabu watoto hana muda nayo. Baba mdogo akaafiki. Unatujua sisi Wahaya, kaka. Tukiona elimu, tunayakana macho yetu wenyewe.

Basi Ta Rugambwa akauliza kwa unyenyekevu mzee anataka muhoro wake akabidhiwe nani. Baba alikuwa bado hajamaliza somo, kwa hiyo akalimaliza. Akasema wapole ndio wanaopewa nchi iwe urithi wao. Akagonga mkongojo, akaomba chai.

Shangazi Immakulata ndiye aliyeanza, akasema mpole wa nyumba hii anajulikana. Wote wakageuka wakanitazama, nami nimesimama pale na sinia la vikombe. Ta Rugambwa alikohoa sana. Alisema hajawahi kuona kibanja cha ukoo kikipewa mwanamke, kisha akasema siku hizi hata mahakamani mambo yamebadilika, kisha akasema yeye ni nani apinge neno la mzee lililotoka kwenye Maandiko. Wakakubaliana kwamba Jumamosi baada ya Krismasi, ukoo wote ukiwa umerudi nyumbani kula sikukuu, nikabidhiwe muhoro mbele ya watu, na wewe na mnunuzi wako mtajua la kufanya. Nilikusanya vikombe. Nikamsikia baba mdogo nyuma yangu akisema, mnaona upole wake?

Kaka, mimi nilijua kwamba ile haikuwa hukumu. Maneno yale anamwambia kila mtu. Alimwambia kijana aliyekuja kusoma mita ya umeme. Amemwambia mbuzi. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu tangu shamba la Kagoma lilipochukuliwa sina mahali pa kusimika hata kigingi cha mbuzi nikasema hapa ni pangu. Nilipokuwa naosha vile vikombe nilimwona Annastella akimleta mtoto wake atambae chini ya migomba hii, na hakuna wa kumwambia ahamie kule. Nilifurahi, sikufichi. Niliimba. Tangu mama afariki nilikuwa sijaimba jikoni humu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nitafute bahasha, na ambalo sijamwambia mtu mwingine.

Alhamisi iliyopita nilikuwa napogoa migomba iliyo karibu na baraza. Baba alikuwa kwenye kiti chake, chai ameshakunywa. Akaniita. Aliniita Penina. Mwanzoni sikugeuka, nilidhani masikio yananidanganya, maana jina hilo halijatoka mdomoni mwake tangu mwaka juzi. Akaniita tena, kwa Kihaya chetu cha nyumbani, akauliza mbona nimekonda. Nikasogea. Akaomba muhoro. Akaupapasa makali kwa dole gumba kama alivyokuwa akifanya zamani, akasema nimeunoa vizuri. Kisha akasema muhoro huu ni wa Kamala, nikutunzie.

Nilimuuliza Kamala yupi. Nilitaka kujua kama ni baba anayesema au ni ugonjwa. Akanijibu kwa kukasirika kidogo kwamba ana Kamala wangapi, ni kaka yangu mkubwa, mwenye kichwa kigumu, aliyeko Dodoma. Akasema wewe bado hujafugika, umekimbia kila mkono uliotaka kukushika, wake na wa Mungu pia, na mtu wa namna hiyo usipompa ardhi ya kumfunga mguu atapotea kabisa. Penina, akaniambia, nimeshakuona, una nguvu, unaweza kusimama popote. Halafu akauliza kama umeshakula.

Nikasema umekula. Akanirudishia muhoro. Nilipomaliza kufuta macho alikuwa ameshagonga mkongojo, ananiuliza mimi mwanafunzi kwa nini naingia darasani na kisu.

Niliumia, kaka. Niliingia katikati ya mibuni nikalia mpaka mbwa akaja kunitazama. Miaka yote hii nimemwogesha, nimemlisha, nimefukuzwa darasani, na mara moja tu aliponijua, alinijua ili anitume kwako. Nilimkasirikia yeye, nikakukasirikia wewe, nikawakasirikia Wayunani na farasi wao. Alichosema kwamba naweza kusimama popote nakigeuza kichwani tangu siku hiyo. Asubuhi naona kwamba alinisifu. Mchana nikichoka naona alininyima. Sijui bado.

Hakuna aliyesikia ila mimi na huyo mbwa. Nikinyamaza mpaka Jumamosi hiyo, kibanja ni changu, na watu wataniita mpole mpaka siku ya kunizika. Hilo ndilo lililonitoa usingizini. Kunyamaza kwangu ni kazi rahisi, nimeifanya maisha yangu yote na haijanigharimu nguvu yoyote. Lakini siwezi kurithi kwa maneno anayomwambia mbuzi, wakati nimeyasikia yale aliyoniambia mimi akilitaja jina langu. Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi hiyo nitasimama mbele ya ukoo na kusema kama nilivyosikia, uwe umekuja au hukuja. Nimekuandikia mapema usije ukadhani kuna mtu aliyenibana.

Ila nisikilize na mimi. Muhoro hautumwi kwa basi. Utakuja uuchukue mkononi mwangu, mbele ya watu, kama inavyofanywa. Na anayepewa kibanja hapewi migomba peke yake. Anapewa na kaburi la mama, na mnyauko wa bondeni, na baba. Jumatatu itakayofuata nakwenda Ngenge kumbeba mjukuu wangu, na nikitoka huko nitamfuata Agnetha anipe cherehani yangu. Sikuombi ruhusa, nakupa habari. Kibanja hiki kikiwa mkononi mwako nani atakuzuia kukiuza? Mimi sitaweza. Lakini kumbuka utakiuza mwenye nacho akiwa barazani, amevaa koti lake la kijivu, anasubiri somo.

Ukifika nitakuonyesha yote, ila mengine uyajue sasa. Maji ya kumwogesha yawe vuguvugu, akihisi ubaridi anapiga. Uji usiwe na sukari nyingi. Mkongojo usiuweke mbali na mkono wake. Na Kiyunani chako ukifufue huko huko njiani: praus, praeia, prau. Usijifanye hodari kujibu yote, mwanafunzi anayejua kila kitu anamtia wasiwasi. Mahali fulani ukosee, umwachie akusahihishe, hiyo ndiyo dawa yake kuliko zile za hospitali. Akikufukuza darasani, nenda ukasimame nyuma ya nyumba. Kuna jiwe nimeliweka pale, unaweza kulikalia.

Usitegemee atakutambua. Jina lako anaweza asilitaje tena. Lakini nimemwogesha na kumvika kwa muda mrefu, kaka, na jina langu limo humo ndani mahali fulani, nimelisikia. Huenda asubuhi moja ukiwa unamfunga vifungo vya koti akakutazama akakuita Penina. Usimsahihishe. Itika.

Shangazi Immakulata anakusalimu, ingawa aliniambia nisiseme. Baba mdogo Byarugaba naye anauliza kama huko mnapata kahawa ya kutafuna au mnatafuna maneno tu. Msalimie wifi, wabusu watoto, mwambie yule mwenye kifua shangazi yake anamtunzia senene wakavu kwenye kopo. Datius nimempa pia mkungu mmoja wa ndizi, usiuache ukaivia kwenye gari lake. Mungu akuongoze njiani, maana naamini utasafiri.

Ni mimi mdogo wako,
Penina Rutashobya